Chupa ya Rioja kwa Kilo za Korosho

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba, njia panda ya Nanganga huchangamka. Malori yanayotoka Mingoyo yanasimama, mengine yanakata kulia kuelekea Ruangwa na Nachingwea, mengine yananyoosha kwenda Ndanda na Masasi. Mkulima aliyelipwa ana orodha ndefu: bati, ada ya shule, deni la salfa ya kupulizia mikorosho, pengine pikipiki. Halafu kuna vitu vya heshima, vile vya kumwekea mgeni mezani. Mwalimu anastaafu, binti anafanyiwa send-off, shemeji anashuka kutoka Dar. Hapo ndipo mara moja moja linatajwa jina la mvinyo mwekundu wa Hispania, ule wenye maneno Gran Reserva kwenye karatasi, uliokaa miaka kabla ya kuuzwa.

Watu wa mjini wamezoea kutucheka kwa zile hadithi za mbuzi kunyweshwa bia msimu wa korosho ukiwa mzuri. Wacheke. Mtu akitoka jasho mwaka mzima ana haki ya kununua anachotaka, mradi ajue analipia nini. Na katika mvinyo uliozeeka, kinacholipiwa hakionekani kwa macho.

Tuupime kwa kipimo chetu. Novemba 2018 Serikali ilipochukua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ile ilikaa kichwani mwa kila mtu huku, aliyelipwa mapema na aliyesubiri. Bei imepanda na kushuka tangu wakati huo, lakini 3,300 inafaa kwa hesabu ya haraka. Huko Hispania kwenyewe, Gran Reserva ya kawaida ya Rioja huuzwa dukani euro 20 hadi 40. Tuchukue ya 25, na euro moja tuihesabu shilingi 2,800: ni shilingi 70,000, nayo haijatoka kwao. Ongeza meli, forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, faida ya mwagizaji na faida ya mwenye duka. Ikifika mkononi mwako kwa mara mbili ya bei ya kwao, shukuru. Shilingi 140,000 ni kilo 42 za korosho, na zaidi kidogo. Kwa chupa moja ya mililita 750. Glasi sita.

Kwa nini iwe ghali hivyo? Sehemu kubwa ni muda. Rioja ni eneo la kaskazini mwa Hispania, na sheria yao ya kuzeesha mvinyo ni kali kuliko za wengi. Mvinyo mwekundu ukiitwa Crianza, lazima umetunzwa miaka miwili, mmoja kati yake ukiwa ndani ya pipa la mwaloni. Reserva ni miaka mitatu: mwaka mmoja au zaidi pipani, na angalau miezi sita kwenye chupa. Gran Reserva ni miaka mitano, miwili pipani na miwili kwenye chupa, mwaka unaobaki mwenye mali anachagua mwenyewe. Pipa lao la kawaida ni la lita 225, yaani chupa 300. Pipa jipya linagharimu mamia ya euro, na mbao haziachi kuvuta: kila mwaka kiasi fulani cha mvinyo hupotea hewani kupitia humo. Ongeza na mtaji uliolala miaka mitano bila kurudisha senti. Mkulima aliyewahi kusubiri malipo ya ghalani miezi mitatu anaelewa uzito wa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Mapipa hayo waliyachukua kwa Wafaransa. Katikati ya karne ya 19 watengenezaji wa Rioja waliiga kazi ya Bordeaux, na wadudu walipoangamiza mizabibu ya Ufaransa, wafanyabiashara wa huko wakavuka mpaka kutafuta mvinyo wa kununua. Nyumba kama Marqués de Riscal, ya mwaka 1858, na López de Heredia, iliyoanzishwa 1877 katika mji wa Haro, zilikua katika kipindi hicho na bado zipo.

Faida ya sheria hiyo kwa mnunuzi wa Nanganga ni kwamba hahitaji kuwa mjuzi. Geuza chupa, tafuta nembo ndogo ya baraza la Rioja nyuma. Ya kijani haina ahadi ya umri. Nyekundu ni Crianza, ya rangi ya damu ya mzee ni Reserva, ya buluu ni Gran Reserva. Ribera del Duero, eneo jingine lenye jina, wana masharti yanayokaribiana na hayo. Kwingineko Hispania muda wa pipani huwa mfupi. Crianza yaweza kuwa imekaa humo miezi sita tu. Jihadhari zaidi na neno Reserve kwenye chupa za Afrika Kusini au Australia. Huenda mvinyo ukawa mzuri sana, lakini neno lenyewe halimfungi mtu kwa idadi ya miaka. Kulipa ziada kwa sababu ya neno hilo pekee ni kununua hewa.

Sasa tulinganishe ndugu watatu wa Rioja, Crianza, Reserva na Gran Reserva, maana watu wengi huruka moja kwa moja kwenye ghali au kwenye rahisi, na kwa sisi tulio mbali na bandari pande zote mbili zina hasara. Ushuru wa bidhaa hutozwa kwa lita, hauangalii thamani. Meli na lori navyo havijali kilichomo. Kwa hiyo Crianza ya euro 7, ambayo kwao ni mvinyo wa chakula cha mchana, huku inaweza kufika shilingi 40,000. Hizo ni kilo 12 za korosho, na zaidi ya nusu yake umelipia safari na kodi. Gran Reserva inabeba mzigo uleule wa safari, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi kidogo ya hela yako imeingia kwenye mvinyo wenyewe. Ukiishia kwenye karatasi ya hesabu, ghali ndiyo nafuu. Tatizo ni kwamba mvinyo hauishi kwenye karatasi, unaishi ndani ya gari.

Kutoka Dar hadi Nanganga ni zaidi ya kilomita 500: Rufiji, Somanga, Nangurukuru, Mbwemkuru, Mingoyo. Mvinyo hupenda kutunzwa kwenye nyuzijoto 12 hadi 15, gizani, bila kutikiswa. Buti la basi saa nane mchana, mwezi wa Novemba, ni kinyume cha hayo yote. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, magari yalilala njiani na mizigo yake. Mvinyo ukipigwa joto namna hiyo haugeuki sumu, lakini unapikika: harufu ya tunda inakuwa ya jemu, kizibo kinasukumwa juu, pengine michirizi inatokea shingoni. Na ule uliozeeka ndio unaoumia zaidi. Mvinyo mchanga una nguvu za kuvumilia. Wa miaka kumi umebaki na harufu nyepesi tu, na hizo ndizo ulizolipia. Kilo 42 zinaweza kuteketea kati ya Ikwiriri na Kilwa bila mtu kujua.

Kwa hiyo Mhispania wangu kwa njia panda hii ni Reserva. Umri wake unatosha kuonja kazi ya pipa, bado ana misuli ya kustahimili barabara, na bei yake kwao ni euro 10 hadi 20, kwa hiyo hapa unazungumzia kilo 25 hivi badala ya 42. Agiza kutoka duka la Dar linalouza haraka na lenye kiyoyozi, siyo lile lenye chupa mbili zilizopigwa jua dirishani tangu Pasaka. Omba isafiri na basi la usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na kwa mvinyo hiyo ni neema. Ikifika, ilaze chini, chumba chenye baridi kuliko vyote, au kwenye friji. Friji ni baridi kuliko inavyotakiwa, lakini kwa wiki chache ni bora mara mia kuliko kabati la sebuleni chini ya bati. Jamaa wa Newala, juu kwenye uwanda, wana unafuu wa hali ya hewa. Sisi tulio bondeni tusijidanganye kwamba tunatunza, tunachelewesha tu. Nunua, kunywa ndani ya mwezi.

Kabla hujatoa hela, onja kichwani kwanza kama unapenda kitu cha namna hiyo. Wengi waliozoea waini tamu wakimimina mvinyo wa pipa hukunja uso: si mtamu, na unakaza ulimi. Ukakasi huo mtoto yeyote wa huku anaujua. Ni uleule unaobaki mdomoni ukifyonza bibo bichi, ule unaofanya ulimi uwe mkavu na mzito. Katika zabibu unatoka kwenye maganda na mbegu, na mwaloni unaongeza wa kwake. Miaka pipani na kwenye chupa huulainisha. Rangi nayo inasogea: ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau, ule mzee una ukingo wa tofali la kuchoma. Harufu ya tunda bichi inapungua, inakuja ya tini kavu, tumbaku, ngozi. Rioja wengi wa mtindo wa zamani walipenda mwaloni wa Marekani, na mwaloni huo huacha harufu ya vanila na nazi. Mtu aliyekulia kwenye kisamvu cha nazi huitambua nazi hiyo upesi kuliko wataalamu wengi wa ughaibuni.

Chakula chake tunacho. Mbuzi wa kuchoma, aliyetiwa chumvi na ndimu kidogo, ndiye mwenzake hasa; mafuta ya nyama yanamaliza ukakasi. Kuku wa kienyeji sawa. Korosho za kukaanga, wala usiulize. Ming'oko iliyochemshwa inakaa naye vizuri kwa sababu haishindani na chochote. Pilipili ndiyo adui: moto wake unachochea ukali wa kilevi na ukakasi pamoja, na hela yako inapotea ndani ya kachumbari.

Haya yote ni kwa watu wanne au watano mezani. Send-off ni hesabu nyingine kabisa. Wageni 30, glasi mbili mbili, ni glasi 60, yaani chupa kumi. Kwa Gran Reserva ni shilingi 1,400,000, zaidi ya kilo 420 za korosho, zimepita kooni mwa watu ambao nusu yao walitaka soda. Hapo jibu ni Dodoma. Chupa ya kawaida ya Dodoma mara nyingi haivuki shilingi 20,000, kwa hiyo kumi ni 200,000, kilo 60 na ushee. Unafuu wake unatokana na sera zaidi ya udongo: mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru mdogo, ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa shilingi 200 kwa lita wakati ule wa zabibu za nje ulishavuka 2,000. Tena Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Rioja hawaliwezi. Zabibu nyeusi ya Makutupora inatoa mvinyo wa rangi nzito na tunda jingi, unaonyweka ungali mchanga. Usiutafutie tumbaku na ngozi. Hautunzwi miaka mitano na wala haudai hivyo. Mbele ya nyama ya shughuli, ukipoa vizuri, haukosi chochote.

Wanaopiga hesabu kwa lita huenda kwenye boksi la Afrika Kusini. Lita 5 ni glasi 40 za mililita 125, mfuko wa ndani unajikunja wenyewe bila kuingiza hewa, na ukishafunguliwa unadumu wiki nne hivi. Kwa nyumba ya mtu anayekunywa glasi moja jioni, hakuna kinacholishinda kwa unafuu. Chupa iliyofunguliwa, hata ukiirudishia kizibo na kuiweka kwenye friji, ina siku tatu mpaka tano, na ile iliyozeeka ina kesho tu. Lakini boksi lina tarehe. Lisome. Boksi lililokaa dukani mwaka mzima limechoka kuliko unavyodhani, kwa sababu plastiki hupitisha hewa polepole.

Kwa chupa yoyote, ya Hispania au ya Hombolo kule Dodoma, tafuta stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza kutumika Januari 2019, uihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu. Haikwambii kama mvinyo ni mtamu. Inakwambia kama ulipita mlangoni.

Ukisogea kidogo tu barabara hii, Ndanda, wamisionari Wabenedikti wapo tangu 1906, na meza yao ya altare inahitaji mvinyo mwaka mzima, korosho iwe juu au chini. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mvinyo wa misa uwe wa asili, wa tunda la mzabibu, usioharibika. Kwa hiyo hata bibo lingejaa uwanja mzima wa abasia, haliwezi kuchukua nafasi ya zabibu pale. Kwetu walei sheria hiyo haitubani, na ndipo inapokuja chaguo ambalo wanunuzi wengi wa chupa ya heshima hawalifikirii.

Kuanzia Agosti na Septemba mabibo yanadondoka chini ya mikorosho kutoka hapa mpaka Tandahimba. Tunaokota korosho, tunda tunaliacha lioze, ingawa lenyewe lina uzito mara kadhaa wa korosho na vitamini C nyingi kuliko chungwa. Linaharibika ndani ya siku moja, ndiyo maana halina soko. Wanaolikamua mara nyingi wanatengeneza uraka: juisi inaachwa kwenye ndoo ichachuke usiku kucha, kesho inanyweka. Ni rahisi kuliko vyote vilivyotajwa humu, una ladha ya mahali penyewe, na kesho kutwa umeshageuka siki. Hakuna kipimo cha kilevi kwenye kikombe, na usafi wake unategemea mkono wa aliyekamua. Mimi nikiujua mkono huo, nakunywa.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimekuwa kikionyesha kwamba tunda hilohilo linatoa juisi, jemu na mvinyo wa chupa. Mvinyo wa mabibo ni wa rangi ya dhahabu, una harufu kali ya tunda, na ukitengenezwa vizuri ule ukakasi unapunguzwa mapema kwa kuitoa tanini kwenye juisi. Hunywewa ukiwa mchanga na baridi sana. Mgeni kutoka Dar anaweza kununua Rioja akiwa hukohuko, Masaki, bila kukanyaga vumbi la Nanganga. Chupa ya mabibo hawezi. Huko Goa, Wahindi waliopata mikorosho kama sisi kutoka kwa Wareno haohao, waliisajili pombe yao ya mabibo iitwayo feni kama alama ya kijiografia mwaka 2009, na watalii wanaibeba kwenye ndege kama zawadi. Sisi bado tunaona aibu kuiweka mezani.

Feni hiyo ni ya kukenekwa kwa moto, na hapo tunafika kwenye nipa, gongo ya mabibo. Kwa bei ya kilevi, nipa inazipiga chupa zote. Hesabu si ngumu: chupa ya Rioja ya asilimia 13.5 ina mililita 100 hivi za kilevi halisi, sawa na bia nne za nusu lita za asilimia 5. Anayetafuta kulewa ataona kilo 42 ni wazimu, na yuko sahihi kwa lengo lake. Lakini nipa ina gharama isiyoandikwa. Kutengeneza bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Moshi, yaani gongo, ya 1966. Tunda likichachuka hutoa pia methanoli kidogo, na mpika gongo asiyemwaga kile kinachotangulia kutoka kwenye mtambo anakuuzia hatari ya macho yako. Mtambo ukiunganishwa kwa rejeta ya gari, kuna risasi ya kulehemea ndani yake. Kijijini hakuna mtu wa kupima. Katika ulinganisho huu wote, ni hapo tu ninaposema usibane hela: kama ni kitu cha moto unataka, nunua chupa yenye stempu.

Aliyeamua juu ya Reserva, afanye hivi. Isimamishe chupa wima tangu jana yake ili mashapo yatue chini. Kizibo ni cha gome la mti, hakifunguliwi kwa meno wala kisu, kwa hiyo azima kizibuo mapema kwa mtu mwenye hoteli Masasi au ununue chako. Maneno ya joto la chumba yaliandikwa kwa vyumba vya Ulaya. Mvinyo mwekundu unataka nyuzi 16 hadi 18, na chumba chako saa moja jioni kina 28. Ipoze kwanza kwenye friji, au kwenye ndoo ya maji ya barafu kama umeme umekatika. Mimina taratibu, uache kidole kimoja cha mwisho chenye tope. Glasi ijazwe theluthi tu, hata mgeni akikuangalia vibaya, kwa sababu harufu inahitaji nafasi. Na kile kilichobaki chini kabisa, pamoja na mashapo yake, kimwagie kwenye sufuria ya mbuzi wa kesho.